Baka linalorudi kila ukimaliza pomadi

Mama mwalimu alikuwa mteja wangu kwa miaka mingi kabla sijamuuliza swali la maana. Nauza dawa katika famasi ndogo ya Katuba, hapa Lubumbashi, kaunta ya mbao na rafu tatu nyuma yake, na wateja huniita munganga ingawa sikusomea udaktari. Yeye hupita jioni akitoka shuleni, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa ananunua tyubu moja ya pomadi ya klobetasoli, analipa, anaenda zake. Siku moja mvua ilimzuia mlangoni, na hapakuwa na mteja mwingine, tukaanza kuongea.

"Hii pomadi unapaka tangu lini, mama mwalimu?"

"Ooh, munganga. Tangu mtoto wangu wa mwisho ananyonya."

"Na huyo mtoto yuko wapi sasa?"

"Yuko wa pili primeri."

Nikahesabu kimoyomoyo: miaka sita, pengine saba. Nilipomuuliza ngozi yenyewe ikoje, akakunja mkono wa blauzi na kunionyesha kiwiko kisicho na kitu. "Iko kama hapa, lakini si hapa. Ni mahali pa chini ya kitambaa." Kiunoni, makalioni, upande wa ndani wa mapaja. Mabaka yenye rangi hafifu kuliko ngozi yake, mengine yenye magamba membamba, yanawasha siku moja na kunyamaza wiki nzima. Akipaka, yanafifia. Akimaliza tyubu, baada ya majuma machache yako palepale.

Ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Naisimulia kwa sababu tyubu zile niliziuza mimi, moja baada ya nyingine, na maneno "yanarudi palepale" yangepaswa kunishtua mapema zaidi.

Kwanza niondoe hofu. Mtu akija kwangu na ngozi inayowasha, karibu kila mara si saratani, ama kansere kama tunavyosema hapa. Ni upele wa kuambukizana uliozunguka nyumba nzima, ni fangasi, ni ukurutu, ni pumu ya ngozi, ni soriasisi, ni sabuni mpya, au ni ule ukavu wa mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokuja na vumbi na miguu ikapasuka. Magonjwa haya yanatesa lakini yana dawa. Ugonjwa ninaotaka kuueleza ni kansa adimu inayoishi kwenye ngozi. Nchini Marekani, kansa zote za kundi lake zikihesabiwa pamoja, hupatikana watu wapya karibu 6 katika kila milioni moja kwa mwaka. Kiwango hicho kikiwekwa juu ya jiji letu lenye watu zaidi ya milioni mbili, ni kama watu 12 au zaidi kidogo kila mwaka. Idadi hiyo haitoshi kumtia kila mwenye muwasho hofu. Lakini inatosha kuwafanya wanaouza pomadi wajue kwamba ugonjwa huu upo.

Jina lake ni mikosisi fungoidi, na jina hilo lenyewe limepotosha watu kwa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1806 Jean-Louis Alibert, daktari wa ngozi katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, alieleza habari za mgonjwa aliyeota vinundu vikubwa mwilini. Mwanzoni alidhani ni aina ya buba. Mwaka 1832 akaupa ugonjwa jina hilo kwa sababu vinundu vile vilifanana na uyoga. Sisi wa Katanga hatuhitaji picha: mvua zikishika, kando ya barabara mama wanapanga uyoga kwenye beseni, vichwa vya mviringo, vizito, kingo zimejikunja. Ndivyo vinundu vya hatua za mbele vinavyokaa juu ya ngozi. Lakini ndani yake hamna uyoga wala fangasi yoyote. Mtu wa kwetu akisoma karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, jicho lake linakamata neno linalofanana na lile la fangasi, anakuja moja kwa moja kaunta kuomba dawa ya fangasi. Atapaka mwaka mzima bila faida.

Kwa kweli ni kansa ya damu inayoishi kwenye ngozi. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitulie kidogo. Damu yetu ina seli nyeupe, na miongoni mwake kuna zinazoitwa seli T. Baadhi ya seli T kazi yake ni kuzunguka ngozini, kama sentineli anayezunguka uani usiku: anakagua ukuta, anasikiliza, akiona mdudu anaita wenzake, wakimaliza wanatawanyika. Katika ugonjwa huu seli moja ya aina hiyo imeharibika ndani, katika maandishi yanayoiongoza. Inajizalisha nakala za sura moja, na nakala hizo hazitawanyiki. Zinakaa uani mwaka hadi mwaka, bila mwizi wa kufukuza, na kukaa kwao ndiko kunakoleta baka, magamba na muwasho. Kansa inayoanzia kwenye seli za namna hii huitwa limfoma. Limfoma nyingi huanza kwenye tezi za shingo, kwapa au kinena. Hii huanza kwenye ngozi, na kwa wagonjwa wengi hubaki hapo hapo.

Haiambukizi. Kulala kitanda kimoja, kuazima nguo, kunyonyesha, hakuna hata kimoja kinachompa mtu mwingine ugonjwa huu. Kinachouanzisha hakijathibitishwa mpaka leo. Najua watu wa hapa watauliza juu ya vumbi la migodi, na ni haki yao kuuliza katika mji huu. Vumbi linachubua ngozi na linadhuru mapafu, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba ndilo linaloleta kansa hii.

Sasa turudi chini ya kitambaa. Mabaka ya mikosisi fungoidi yanapenda mahali jua halifiki: makalio, kiuno, mapaja ya ndani, kwapa, matiti. Mwanga wa jua hudhoofisha seli T za ngozini, ndiyo maana uso na mikono ya mbele husalimika kwa muda mrefu, na ndiyo maana pia mwanga ni mojawapo ya tiba, kama nitakavyosema. Mahali hapo ndipo mtu asipoonyesha mbele ya kaunta, na mara nyingi asipoonyesha hata hospitalini, kwa sababu foleni ni ndefu na daktari ameangalia mkono tu. Nafikiri ugonjwa huu unachelewa kugunduliwa kwa sababu ya haya zetu kama unavyochelewa kwa sababu ya uadimu wake. Kwingineko duniani, kwenye hospitali zenye kila kitu, kutoka baka la kwanza hadi jina la ugonjwa hupita kwa kawaida miaka mitatu au zaidi, na kwa wengine kumi.

Vitabu vingi vinaeleza mabaka mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo: unakuwa kahawia iliyokolea, zambarau, au rangi ya majivu. Tena kuna sura nyingine inayowapata zaidi watu weusi, na mara nyingi vijana na hata watoto: mabaka yaliyofifia rangi, kama ya mama mwalimu. Haya hudhaniwa mba, au utangotango, au mwanzo wa barasi. Kwa upande mwingine, sura hii ya mabaka hafifu kwa kawaida huenda polepole na huitikia tiba vizuri.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uulizwe kabla ya mwingine wowote mtu wa nchi yetu anapokuwa na baka hafifu lisilopona, nao ni ukoma. Haujaisha Kongo. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi: ukiligusa kwa ncha ya pamba mgonjwa akiwa amefumba macho, hasikii. Baka la mikosisi fungoidi, kwa kawaida, linasikia. Dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote tangu 1995 kupitia Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo asiogope mtu kwenda kupimwa kwa kufikiria bei. Na asidhani kwamba jaribio la pamba nyumbani linamtosha.

Basi, je, baka lipi linastahili mashaka? Wengi wanataka picha ya kulinganisha, na mimi nasema picha itakudanganya, kwa sababu ugonjwa huu unaiga karibu kila ugonjwa wa ngozi. Angalia tabia yake na umri wake. Mimi nimejiwekea mpaka wa miezi sita: baka lililozidi hapo, limekwisha kupakwa dawa ya fangasi kama ilivyoelekezwa bila kupona, au linalopotea kwa pomadi ya kortizoni, kama klobetasoli, na kurudi mahali palepale, siliuzii tyubu nyingine kabla mtu hajaonana na daktari wa ngozi. Mashaka yanazidi mabaka yakiwa mengi, kila moja na ukubwa wake na umbo lake, yakiwa sehemu zinazofichwa na nguo, na ngozi yake ikianza kuwa nyembamba yenye mikunjo midogo, kama karatasi nyepesi uliyoifinyanga kisha ukainyoosha. Muwasho si kipimo. Kuna wanaowashwa mpaka hawalali, na kuna wasiowashwa kabisa.

Kuhusu kortizoni nataka kueleweka vizuri, maana hapa ndipo fundo lilipo. Klobetasoli na betametasoni ni dawa za kweli. Zinatuliza seli nyeupe zilizochachamaa ngozini, za ukurutu na za kansa hii pia. Kwa hiyo mgonjwa wa mikosisi fungoidi akipaka, anaona nafuu ya kweli, naye anahitimisha: dawa imefanya kazi, basi ulikuwa ukurutu. Mimi pia nilihitimisha hivyo. Nafuu haikuambii jina la ugonjwa. Tena mjini kwetu pomadi hizi hazinunuliwi kwa ugonjwa peke yake. Zinachanganywa kwenye mafuta ya kung'arisha ngozi na kupakwa mwili mzima asubuhi na jioni, na mwanamke au mwanaume anayejipaka hivyo anaweza kuwa na mabaka yaliyotulizwa miaka mingi bila yeye kujua. Akienda kupimwa, lazima aseme anachopaka. Najua si rahisi kusema. Daktari asipoambiwa atasoma ngozi iliyokwisha kufutwa nusu ya maandishi yake.

Kipimo kinachoamua ni kukata kinyama, yaani biopsi, na kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Daktari anachoma sindano ya ganzi, anachukua kifaa cha mviringo chenye upana wa milimita 4 hadi 6, anakizungusha kwenye baka, anatoa kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Uzi mmoja au miwili, bendeji, mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Hapa wengi wanaamini kwamba kansa ikiguswa na chuma inatawanyika. Kukata kinyama cha baka la ngozi hakutawanyishi mikosisi fungoidi.

Kipande kinawekwa kwenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze, si maji, na huko maabara kinakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa darubini. Msomaji anatafuta seli T zenye kiini kilichokunjamana, zimejipanga kwenye mpaka wa tabaka la juu la ngozi na la chini kama watu waliopanga mstari kwenye robine wakingoja maji. Katika hatua za mwanzo seli hizo ni chache, na zilizo za kawaida zinazifunika. Kwa hiyo jibu la kwanza mara nyingi husema tu "uvimbe wa ngozi wa muda mrefu" au kitu cha namna hiyo. Jibu hilo halimaanishi kwamba huna ugonjwa. Madaktari wanaoujua ugonjwa huu huchukua vipande viwili au vitatu kutoka mabaka tofauti, na wakibaki na mashaka wanarudia baada ya miezi. Na kabla ya kukata, pomadi ya kortizoni isimamishwe wiki mbili hadi nne. La sivyo umetuliza ushahidi halafu unautafuta.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: kinyama chako kikishafanyiwa kazi hubaki ndani ya kipande cha nta ya parafini kinachoweza kutunzwa miaka mingi. Kinaweza kusafirishwa na kusomwa tena na mtaalamu mwingine, Kinshasa au nje ya nchi, na kufanyiwa rangi maalumu zinazotambua aina ya seli. Omba nakala ya jibu, ihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uulize kipande chako kimetunzwa wapi.

Mama mwalimu alikatwa mara mbili. Jibu la kwanza lilikuwa ukurutu, na familia ikashangilia. Alikuwa amepaka pomadi mpaka usiku wa kuamkia kipimo, kwa sababu hakuna aliyemkataza, nami sikuwa najua nimkataze. Mara ya pili alikaa wiki nne bila kupaka, akajikuna mpaka akalia, na daktari akachukua vipande vitatu. Jibu lilichelewa. Lilipofika, lilikuwa na lile jina la uyoga.

Alipokuja kuniambia alikuwa amekwisha kujiandaa kufa, ameanza hata kufikiria nani atasomesha watoto. Hapo ndipo neno kansa linapofanya kazi mbaya. Hatua za ugonjwa huu hupimwa kwa ngozi iliyoshikwa: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia moja ya ngozi yake yote. Mabaka yakijumlishwa yakawa chini ya viganja kumi, bila kinundu, bila tezi zilizoshikwa, mtu yuko hatua ya kwanza kabisa, na wagonjwa wa hatua hiyo wanaishi karibu umri uleule ambao wangeishi bila ugonjwa. Wengi hawavuki hapo. Mama mwalimu alijipima mbele ya mumewe: viganja sita.

Kinachobadilisha hesabu ni vinundu, vidonda vinavyonuka, mitoki kinenani au tezi kubwa kwapani, na ngozi ya mwili mzima kuiva na kumenyuka mpaka viganja na nyayo kupasuka. Hali hii ya mwisho, seli mbaya zikionekana pia kwenye damu, ina jina la daktari Mfaransa, Albert Sézary, aliyeieleza mwaka 1938. Huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa leo, si kesho, kwa sababu vidudu huingia kwa urahisi kwenye ngozi iliyofunguka, na maambukizi ndiyo yanayowaua wengi waliofika mbali.

Katika nchi yetu daktari makini atapima pia damu kutafuta virusi. Kuna virusi vya HTLV-1, ndugu wa mbali wa vile vya UKIMWI, vilivyogunduliwa karibu 1980 na vinavyopatikana Kongo. Hupita kwa maziwa ya mama, ngono na damu. Wengi sana walio navyo hawaugui kamwe, lakini wachache hupata limfoma inayoanza na mabaka yanayofanana na haya ila yenye mwendo mkali zaidi. Madoa meusi au ya zambarau miguuni, magumu, yanaweza kuwa kansa nyingine tofauti, ile ya Kaposi, nayo inahitaji kinyama na kipimo cha VVU.

Tiba ya hatua za mwanzo ni ya polepole na ya juu ya ngozi. Kuna mwanga wa urujuanimno unaopigwa kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi. Usijaribu kuuiga kwa kujichoma juani. Kuna mionzi, ambayo seli hizi huiogopa sana. Baadhi ya watu wa hapa huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, Zambia, ambako hospitali ya magonjwa ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Kuna vidonge vya metotreksati, na hapa nasema kama muuza dawa: humezwa siku moja tu kwa wiki. Anayevimeza kila siku kama dawa ya malaria anaweza kufa. Familia nyingi hudai dawa kali za mshipa tangu siku ya kwanza ili kung'oa mzizi. Jambo hilo lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 103, matokeo yakachapishwa mwaka 1989: waliopewa dawa kali mapema pamoja na mionzi waliteseka zaidi na hawakuishi zaidi ya waliotibiwa taratibu kuanzia kwenye ngozi.

Wiki iliyofuata mama mwalimu alirudi na ordonansi. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa klobetasoli, pomadi ileile, kutoka rafu ileile. Lakini safari hii daktari alikuwa ameandika apake baka lipi na lipi, kiasi cha ncha ya kidole kwa kila eneo la viganja viwili, majuma mangapi, asipake popote pengine, na tarehe ya kurudi kuvua nguo zote na kupimwa upya kwa kiganja. Chini kabisa lilikuwepo jina la ugonjwa, kwa herufi kubwa. Nilimpa tyubu moja, nikaandika tarehe hiyo juu ya boksi kwa kalamu nyekundu, naye akaitia ndani ya mkoba pamoja na madaftari ya wanafunzi.